Kufuli Lililohama: Kutoka Lango la Nchi Hadi Kisanduku cha Sebuleni

Wiki hii tuweke kuandika programu kando, tuzungumze historia. Si historia ya wafalme wala ya vita, bali ya kile kisanduku chenye taa zinazopepesa ambacho fundi wa kampuni ya intaneti huja kukifunga ukutani. Ukiingia nyumba nyingi za Umoja, Buruburu, Donholm au Komarock utakikuta karibu na televisheni, pengine kimefunikwa kitambaa kama redio ya nyanya. Muulize mwenyeji kisanduku ni cha nani, atakwambia, "Ni changu." Muulize paswadi yake, atakutajia ile ya waifai. Sasa muulize paswadi ya admini, ile ya kuingia ndani kabisa na kubadilisha mambo. Hapo atakuangalia tu.

Kwa hivyo maswali ya leo ni mawili. Kufuli hili lilitoka wapi? Na je, unaweza kukiondoa kisanduku cha kampuni ukaweka chako ulichonunua Luthuli Avenue?

Wengi hudhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani. Hapana. Intaneti ya kwanza ya nyumbani Kenya ilikuja na modemu isiyokuwa na kufuli lolote. Kufuli lilikuwepo, lakini lilikuwa mbali sana na sebule yako: lilikuwa kwenye lango la nchi. Lango hilo lilipofunguliwa, kufuli halikutupwa. Lilihama, likaja kukaa nyumbani kwako. Tulifuate safari yake yote.

Enzi za shirika

Hadi mwaka wa 1999 simu za Kenya zilikuwa chini ya Kenya Posts and Telecommunications Corporation, yaani KPTC. Shirika hili lilizaliwa mwaka wa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Lilibeba barua, lilivuta nyaya za simu, na papo hapo ndilo lililotoa vibali. Mchezaji na refa walikuwa mtu mmoja. Mkazi wa Jericho au Buruburu aliyetaka laini ya simu alijaza fomu akangoja, na kungoja kwenyewe kungeweza kuchukua miaka.

Ukiritimba wa namna hii haukuwa wa Kenya peke yake. Marekani, nchi ya soko huria, kampuni ya AT&T ilikataza wateja kuunganisha kwenye laini zake kifaa chochote ambacho haikukitoa yenyewe. Bwana mmoja wa Texas, Thomas Carter, alikuwa akiuza kifaa kiitwacho Carterfone, kilichounganisha simu ya kawaida na redio ya mawasiliano ili mtu aliye mbali na ofisi aweze kuzungumza. AT&T ikakipiga vita. Kesi ikaenda hadi tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, nayo Juni 1968 ikaamua kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa chake mwenyewe mradi hakiharibu mtandao. Yashike maneno hayo, "mradi hakiharibu mtandao", maana tutayahitaji tukifika kwenye faiba.

Uamuzi wa Carterfone ndio uliofungua njia kwa modemu ya kununua dukani. Mwaka wa 1981 ikatoka Hayes Smartmodem, ambayo kompyuta iliiamuru kwa maandishi yanayoanza na herufi AT, kama vile kumwambia mtu "tega sikio". Watengenezaji wengine wakaiga amri hizo, zikawa lugha ya modemu dunia nzima. Nazo herufi hizo tutakutana nazo tena.

Modemu za aina hiyo ndizo zilizofika Nairobi katika miaka ya tisini. Africa Online ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani, na kampuni nyingine zikafuata. Mteja alinunua modemu yake, mwishowe ile ya kilobiti 56 kwa sekunde, akaichomeka kwenye laini ya simu. Kampuni ya intaneti ilimpa vitu vitatu tu: namba ya kupiga, jina la kuingilia na paswadi. Akichoka na kampuni hiyo, alifungua Windows 98, akafuta mistari mitatu, akaandika mingine mitatu. Kuhama kulichukua dakika tano. Modemu ilikuwa yake, na hakuna aliyeweza kuifungia.

Bila shaka wachache tu wa Eastlands waliishi maisha hayo. Laini za simu zilikuwa adimu na kompyuta zilikuwa ghali. Watu wetu walikutana na intaneti kwenye saiba, mashine kadhaa zikigawana muunganisho mmoja mwembamba, mwenye saiba akiwa na jicho moja kwenye saa. Lakini hata hapo modemu ilikuwa ya mwenye saiba.

Lango la juu

Basi kufuli lilikuwa wapi? Lilikuwa juu. Mwaka wa 1995 KPTC ilitangaza kwamba huduma za intaneti zilikuwa zinauza upya uwezo wa mtandao wake, jambo ambalo sheria yake haikuruhusu. Mwaka wa 1998 shirika likazindua Jambonet, njia yake ya kutoka nje ya nchi, na kampuni zote za intaneti zikapaswa kupitia hapo. Mwaka wa 1999 KPTC iligawanywa vipande vitatu: Telkom Kenya ikachukua simu, Posta ikachukua barua, na Communications Commission of Kenya, yaani CCK, ikawa refa. Hata hivyo Telkom ilibaki na ukiritimba wa lango la kimataifa.

Kisa kinachoonyesha nguvu ya lango hilo ni cha KIXP. Wakati ule, barua pepe ya kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi iliweza kupanda setelaiti, ikafika ng'ambo, halafu ikarudi. Ni kama kutoka Kariobangi kwenda Dandora ukipitia Uingereza. Kampuni za intaneti, chini ya chama chao cha TESPOK, zikaamua kuunganisha nyaya zao hapa hapa mjini, na Novemba 2000 KIXP ikaanza kazi. Telkom ikalalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa. Desemba hiyo hiyo CCK ikaifunga. Ilichukua zaidi ya mwaka, pamoja na leseni mpya, kabla ya kufunguliwa tena mwezi wa Februari 2002.

Hoja yangu iko hapa. Mwenye lango la nchi hana haja ya kuifungia modemu yako. Hata ukibadilisha kampuni mara kumi, pesa bado zinapita mlangoni pake. Ukiritimba huo ulimalizika mwaka wa 2004, na mwaka wa 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa. Kampuni zikaanza kugombania mteja mmoja mmoja. Na ukigombania mteja, swali la kwanza unalojiuliza ni hili: nitamzuiaje asiondoke?

Modemu ya USB na fundi wa Luthuli

Jibu likaja kwa umbo la modemu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Safaricom ilipata leseni ya 3G mwaka wa 2007 na kuzindua huduma hiyo mwaka wa 2008. Kufikia 2011 mitandao mikubwa yote ilikuwa na modemu zenye nembo zao, nyingi zikiwa zimetengenezwa na Huawei au ZTE za China. Kwa Eastlands haya yalikuwa mapinduzi. Mtu aliyekuwa hajawahi kuwa na laini ya simu ya nyumbani sasa aliingia intaneti akiwa chumbani kwake Kayole, bila fomu, bila kungoja, bila fundi kupanda mlingoti.

Lakini modemu hizo zilikuwa na kufuli. Laini ya simu hubeba namba inayoanza na 639 ikiwa ni ya Kenya, ikifuatwa na 02 kwa Safaricom, 03 kwa Airtel, 07 kwa Orange, ambayo leo ni Telkom. Modemu ilisoma tarakimu hizo na kuzilinganisha na zile zilizoandikwa ndani yake. Zisipolingana, ilikudai namba ya kufungulia. Ulikuwa na majaribio kumi tu.

Namba hiyo ilitoka wapi? Kwa modemu nyingi za Huawei za miaka ile, watu waliochunguza programu ya ndani waligundua kwamba inatokana na IMEI ya modemu yenyewe. IMEI ilichanganywa na neno moja lisilobadilika, mchanganyiko ukapitishwa kwenye hesabu ya MD5, na jibu likapunguzwa hadi kuwa tarakimu nane. Kwa vile IMEI imebandikwa mgongoni mwa modemu, aliyejua lile neno moja alikuwa na funguo za modemu zote za aina hiyo duniani. Sisi tunaoandika programu tunapaswa kulikumbuka somo hili: siri moja ikitumika kwenye vifaa milioni, hiyo si siri tena. Baadaye Huawei ilibadilisha hesabu hiyo kwenye modemu mpya, lakini farasi alikuwa ameshatoka zizini.

Mafundi wa Luthuli Avenue na vijana wa saiba mitaani hawakuhitaji kuijua MD5. Walikuwa na kiprogramu kidogo, wakaandika IMEI, kikatema namba. Wengine waliituma moja kwa moja kwa modemu wakitumia amri ya AT^CARDLOCK. Umeziona zile herufi mbili za mwanzo? Ni zile zile za Hayes za mwaka wa 1981. Lugha iliyozaliwa kwa sababu mteja aliruhusiwa kuwa na modemu yake ndiyo iliyotumika kuirudisha modemu mikononi mwa mteja.

Na watu hawakufungua modemu kwa ukorofi. Mtandao unaoshika vizuri Umoja unaweza kuwa hoi ndani ya chumba cha ghorofa ya tatu Pipeline, kilichobanwa na majengo pande zote. Bando la mtandao huu ni nafuu mwezi huu, la ule ni nafuu mwezi ujao. Mwenye modemu iliyofunguliwa alibadilisha laini tu. Mwenye iliyofungwa alinunua modemu ya pili, halafu ya tatu, droo ikajaa.

Tuwe wa haki kwa kampuni pia. Modemu ilipouzwa kwa bei ya chini, kampuni ilikuwa inategemea kurudisha pesa zake kupitia bando utakazonunua. Ukiipeleka kwa mpinzani siku ya pili, imekula hasara. Hoja hiyo naikubali. Ila kufuli lile halikuwa na tarehe ya mwisho. Mtu alinunua modemu taslimu, akanunua bando miaka mitatu, deni lolote la siri likawa limelipwa mara kadhaa, na kufuli bado liko pale pale. Kufuli la kulinda mkopo linaeleweka. La kubaki baada ya mkopo kwisha linafanya kazi nyingine.

Sheria nayo ilitazama upande mwingine. Tarehe 1 Aprili 2011 Kenya ilianza kuruhusu mteja kuhama mtandao akiwa na namba yake ya simu. Ilikuwa hatua kubwa: namba ikawa ya mteja. Lakini modemu haikuguswa. Mabadiliko ya sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 2009 yalikuwa yamefanya kubadilisha IMEI kuwa kosa, na ni sawa, maana IMEI ndiyo kitambulisho cha kifaa na wezi hupenda kuifuta. Kuondoa kufuli la mtandao hakuigusi IMEI hata kidogo, ingawa mitaani mambo haya mawili huchanganywa mpaka leo. Matokeo ni kwamba haki ya kuhama na kifaa chako haikuletwa na bunge wala na CCK. Ililetwa na fundi mwenye kibanda cha mita moja.

Faiba na visanduku viwili ndani ya kimoja

Kisha nyaya zikarudi. Wananchi Group, kwa jina la Zuku, ilivuta televisheni na intaneti kwa pamoja. Jamii Telecommunications ikaja na Faiba, jina lililokubalika hadi mtaani likawa neno la kila intaneti ya waya wa kioo, iwe ni ya nani. Safaricom ikaingia majumbani kwa nguvu kuanzia 2017. Pamoja na nyaya hizo kikaja kisanduku cheupe, na kufuli la aina mpya.

Ili ulielewe kufuli hili, jua kwanza jinsi faiba ya nyumbani inavyofanya kazi. Mfumo unaotumika sana unaitwa GPON. Uzi mmoja wa kioo unatoka kwenye kituo cha kampuni ukibeba gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde kushuka na 1.25 kupanda. Njiani unakutana na splita, kijidude kisichotumia umeme, kinachougawa mwanga kwa nyumba 32 au 64. Mwanga wa kushuka unafika nyumba zote, na kila kisanduku kinachukua kilicho chake, kikiwa kimefichwa kwa hesabu za siri. Mwanga wa kupanda ndio wenye kazi. Nyumba zote zinatumia uzi ule ule, kwa hivyo kituo kinapanga zamu, kama mpangaji wa steji anavyozipanga matatu za Umoja: wewe ondoka sasa, wewe ngoja. Kisanduku kimoja kikikaidi na kutoa mwanga muda wote, ni kama matatu iliyoziba steji nzima. Nyumba zote za splita ile zinakosa intaneti.

Sasa yarudie maneno ya Carterfone: mradi hakiharibu mtandao. Hapa kampuni ina hoja halali ya kiufundi. Sehemu inayozungumza na kioo, iitwayo ONT, inatambuliwa kituoni kwa namba yake maalumu, na kampuni ina sababu ya kutaka kujua ni ya aina gani.

Lakini kisanduku chako ni visanduku viwili ndani ya kimoja. Kipo kile cha ONT, kinachobadilisha mwanga kuwa umeme. Na ipo ruta, inayogawa anwani kwa simu na televisheni zako, inayorusha waifai, inayoamua nani anaingia na nani haingii. Ruta haigusi kioo wala haijui zamu za steji. Kufuli halali la chumba kimoja limefunga na chumba cha pili.

Nyuma ya kufuli hilo iko pia njia ya kampuni kuingia kwa mbali, mara nyingi kwa kanuni iitwayo TR-069, ambayo imekuwepo tangu 2004. Ina manufaa yake. Mama aliyesahau paswadi ya waifai hupiga simu kwa huduma ya wateja na mambo yanarekebishwa akiwa amekaa. Kwa nyumba nyingi hiyo ni huduma nzuri, na wala sisemi kila mtu aikatae. Ila mlango wa mbali ni mlango. Mwishoni mwa Novemba 2016 mashambulizi yaliyolenga mlango wa aina hiyo yaliangusha ruta za wateja kama 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani. Pale ambapo wewe huna funguo, ukarabati pia si wako. Unangoja kampuni isambaze programu mpya, ikipenda na itakapopenda.

Unaweza kuweka chako?

Ndiyo, na kuna njia tatu.

Ya kwanza haihitaji ruhusa ya mtu. Nunua ruta yako, chomeka waya kutoka tundu la LAN la kisanduku cha kampuni hadi tundu la WAN la ruta yako, halafu simu na kompyuta zote ziingie kwa waifai ya ruta yako. Zima waifai ya kisanduku cha zamani kama kinakuruhusu. Kasoro ni kwamba anwani zinatafsiriwa mara mbili, jambo linaloweza kusumbua baadhi ya michezo ya mtandaoni na kamera za nyumbani. Kwa WhatsApp, YouTube na kazi za kawaida hutaona tofauti. Faida ni kubwa kuliko inavyoonekana: vifaa vyako vinakaa nyuma ya mlango wako, na siku ukibadilisha kampuni unahamisha waya mmoja tu. Jina la waifai ni lile lile, paswadi ni ile ile, printa haijui kama kuna kilichotokea. Ni zile dakika tano za Windows 98 zimerudi.

Ya pili ni kuiomba kampuni igeuze kisanduku chake kiwe daraja tupu, yaani ONT peke yake, na ruta yako ifanye kazi yote. Utahitaji kujua kama unaingia kwa PPPoE, ambayo ina jina na paswadi, au kwa DHCP, na namba ya VLAN kama ipo. Uliza kabla ya kusaini mkataba, si baada. Halafu usitarajie miujiza: ukiona ruta yako imepewa anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, ujue kampuni inakugawanya anwani moja ya nje na wateja wengine, na kumiliki ruta hakutabadilisha hilo.

Ya tatu ni kuiondoa hata ONT na kuweka yako iliyonakiliwa namba ya ile ya kampuni. Hii achana nayo. Unavunja mkataba, na ukikosea unawazimia intaneti majirani wote wa splita yako.

Kuhusu ruta yenyewe, historia ina zawadi moja. Ruta ya Linksys WRT54G ilipotoka mwishoni mwa 2002, watu waligundua kwamba ndani yake mna Linux. Leseni ya Linux inamlazimu anayeigawa atoe na msimbo wake, na mwaka wa 2003 ukatolewa. Kutokana na msimbo huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka wa 2004, na leo unaendesha ruta za kila aina, zikiwemo nyingi za bei nafuu. Kabla ya kununua, angalia kama modeli yako imo kwenye orodha yao. Ruta ambayo kampuni iliyoitengeneza imeshaisahau inaweza kuendelea kupata marekebisho ya usalama kwa miaka mingi.

Ploti ina kufuli lake

Haya yote yanadhani una uhuru wa kuchagua waya unaoingia nyumbani. Eastlands uhuru huo mara nyingi unaishia getini. Si ajabu kukuta ghorofa la vyumba hamsini Kayole au Pipeline ambalo mtoa huduma ni mmoja tu, kwa sababu ndiye aliyeelewana na mwenye jengo. Ukimleta mwingine, keretaka atakwambia haruhusiwi kuchimba ukuta. Kufuli limetoka kwenye lango la nchi, likaingia kwenye kisanduku, na sasa lina ndugu yake kwenye lango la ploti.

Papo hapo ndani ya ploti hizo hizo umekua ubunifu wa kwetu. Kijana anachukua faiba moja, anaiunganisha na ruta ya MikroTik, anapandisha antena, na majirani wanalipa shilingi chache kwa M-Pesa kupata saa moja au siku moja ya waifai. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, intaneti ya kununua kwa siku ndiyo inayomfaa. Kampuni huutazama mchezo huu kwa jicho baya, na mdhibiti anataka anayeuza intaneti awe na leseni. Hoja zao zipo: mteja wa kijana huyo akidhulumiwa atamlalamikia nani? Lakini huwezi kukosa kuona mwangwi wa 1995, shirika likisema mnauza upya uwezo wetu. Kampuni nyingi zilizoambiwa hivyo wakati ule ndizo zilizotufundisha intaneti.

Hapa ndipo hoja ya kisanduku inapokuwa zaidi ya mchezo wa sisi wapenda nyaya. Mpangaji wa Eastlands huhama. Anayemiliki ruta yake anaibeba kwenye begi kutoka Huruma hadi Utawala. Anayetegemea kisanduku cha kampuni au cha mwenye jengo anaanza upya kila mara.

Kufuli lapanda tena

Julai 2023 Starlink ilianza kuuza huduma Kenya. Ukiangalia haraka, ni ndoto imetimia: unanunua dishi mwenyewe, unalifunga mwenyewe, huhitaji kibali cha waya kupita ukutani, na kuna hali ya kuipisha ruta yao ukatumia yako. Lakini dishi hilo linaongea na setelaiti za kampuni moja tu. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na mtu mwenye dishi jipya lisilosajiliwa hakuwa na pengine pa kulipeleka. Kifaa ni chako kabisa, ila lango liko angani. Tumezunguka tukarudi enzi za Jambonet kwa njia nyingine.

Wenzetu wamefanyaje? Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni mwaka wa 2015 inayompa mteja haki ya kutumia kifaa anachokitaka. Ujerumani ikaenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Agosti 2016 kampuni haiwezi kumlazimisha mteja kutumia ruta yake, na lazima impe taarifa za kuingilia. Uholanzi ikafuata na kanuni zake mwaka wa 2022. Mitandao yao haikuanguka.

Kenya ina kanuni za mwaka wa 2010 za kuidhinisha vifaa vya mawasiliano, na mdhibiti, ambaye tangu 2014 anaitwa Communications Authority, anazisimamia. Kanuni hizo zinauliza kama kifaa kimepimwa na kukubaliwa. Ni swali zuri, ni lile lile la Carterfone. Linalobaki ni la pili: kikishapimwa na kukubaliwa, nani anashika funguo?

Mimi ningeomba mambo matatu tu. Kufuli la kifaa kilichouzwa kwa bei ya mkopo liwe na tarehe ya mwisho, iandikwe kwenye risiti. Mteja wa faiba akiomba daraja tupu apewe, pamoja na taarifa za kuingilia. Na mwenye jengo asiweze kuuza lango la wapangaji wake kwa kampuni moja. Hakuna hata moja linalohitaji teknolojia mpya.

Mpaka hapo yatakapokuja, anza na ile njia ya kwanza. Ruta yako, waya mmoja, jioni moja. Na ukipata nafasi ya kuzungumza na fundi anayekuja kufunga faiba, muulize kwa upole kuhusu daraja. Mkiuliza wengi, jibu litabadilika.

Tuonane wiki ijayo.